Taiwo na Kehinde kwenye Karatasi Moja

Miongoni mwa vitu alivyoviacha baba yangu alipofariki mwaka 2009 kulikuwa na bahasha ya kaki yenye picha kumi na moja, na iliyokuwa juu ya zote ni ya watoto wawili wa kiume waliosimama bega kwa bega mbele ya pazia la maua. Wote wawili wamevaa shati jeupe lenye mfuko mmoja, kaptula iliyopigwa pasi ikasimama, na viatu vya kamba ambavyo bila shaka viliazimwa, maana vinawapwaya. Wanaitazama kamera bila kutabasamu. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa wino uliokwisha kupauka: Taiwo na Kehinde, Osogbo, 1954.

Taiwo ndiye baba. Alizaliwa Osogbo, katika nchi ya Wayoruba kusini magharibi mwa Nigeria, akaja Tanzania miaka ya 1970 kufundisha hesabu, akamwoa mama yangu, mwenyeji wa Tanga, na kwao hakurudi tena ila mara mbili, zote kwa mazishi. Tulijua kwamba alikuwa na pacha aliyefariki utotoni. Zaidi ya hapo hakusema, nasi hatukumchokonoa. Kwa hiyo picha ile ndiyo iliyokuwa sura pekee ya ndugu wa baba niliyoijua, nami niliiweka kwenye fremu, nikaitundika juu ya meza yangu ya kazi Dar es Salaam, na kila mgeni aliyeuliza nilimwonyesha kwa kidole: huyu wa kushoto ni baba, na huyu wa kulia ni baba mdogo.

Kuhusu hilo la baba mdogo nilikuwa nimekosea, na kosa hilo lilitokana na malezi. Kwetu Tanzania pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, majina yaliyotoka Usukumani yakaenea nchi nzima, na Kulwa ndiye mkubwa. Kwa Wayoruba Taiwo ndiye anayetangulia kutoka, na jina lenyewe linasema kwamba amekuja kuuonja ulimwengu. Lakini Kehinde, anayekuja nyuma, ndiye aliyemtuma akaangalie kama huko nje kunakalika, na anayetuma ni mkubwa kuliko anayetumwa. Kehinde ni baba mkubwa. Nilikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini nilipolijua jambo ambalo mtoto yeyote wa Osogbo analijua kabla hajaanza shule.

Kazi yangu ni kupiga picha. Nimepiga harusi, mahafali, mikutano, na kwa miaka mingi nimezipigia asasi za maendeleo picha za ripoti zao, na katika kazi hizo zote nilifundishwa, kisha nami nikawafundisha wengine, kwamba picha nzuri ni ile ambayo mhusika hajui kuwa unampiga. Mvizie akiwa anacheka. Mpate akiwa anawaza. Akikugeukia na kujiweka sawa, picha imeharibika. Niliamini hivyo kwa dhati, na kwa sababu hiyo picha za bahasha ya baba nilizipenda kama kumbukumbu, ila kama kazi ya kamera niliziona ngumu, watu wamekaa kama wanaosubiri hukumu.

Januari 2023 nilifunga safari ya kwenda Osogbo, na bahasha nikaichukua. Nilipofika Lagos harmatani ilikuwa imeshika nchi, upepo mkavu unaotoka Sahara na vumbi jembamba ambalo huligeuza jua kuwa sahani nyeupe. Kwa mpiga picha mwanga huo ni neema, kwa sababu hauna vivuli vikali. Kila uso unaonekana kana kwamba umesimama nyuma ya shashi. Tulipita Ibadan, tukaingia Osogbo alasiri, na binamu yangu akaniongoza hadi kwa shangazi, dada pekee wa baba aliyebaki hai.

Nilikuwa nimeelekezwa jinsi ya kuamkia: mwanamke hupiga magoti, mwanamume hulala kifudifudi. Nilipiga magoti. Shangazi aliniinua kwa mikono miwili, akaniita Iya mi, mama yangu, na binamu akaniambia nisidhani kwamba ni utani, kwa kuwa mimi ni Yetunde, maana yake mama amerudi, jina wanalopewa watoto wa kike wanaozaliwa baada ya bibi yao kufariki. Nilizaliwa mwaka 1981, miezi michache baada ya mama yake baba kuzikwa. Shuleni kwetu jina hilo lilikuwa sauti tu, la kuandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Pale barazani mwanamke wa miaka zaidi ya sabini alikuwa ananitazama kama mtu anayemsubiri mama yake atoke safari.

Yeye jina lake ni Idowu, nalo ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, kama vile Wasukuma wanavyomwita Shija mtoto anayefuata Kulwa na Doto. Kwa hiyo jina la shangazi peke yake linasimulia habari za nyumba ile: hakuna Idowu pasipo Taiwo na Kehinde kumtangulia.

Jioni hiyo nilimpa ile picha. Aliisogeza karibu na dirisha, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema maneno machache ambayo binamu alisita kabla ya kuyatafsiri. Shangazi anasema hapa hakuna watoto wawili. Huyu ni mmoja. Huyu ni Taiwo, na huyu pia ni Taiwo.

Kehinde alikuwa amefariki mwaka 1950, mapacha wakiwa na umri wa miaka miwili. Wayoruba ni miongoni mwa watu wanaozaa mapacha kwa wingi kuliko karibu jamii nyingine zote duniani, na tangu zamani, pacha mmoja akifa, wazazi huenda kwa mchongaji akawachongea ere ibeji, sanamu ndogo ya mti ambayo mama huiosha, huivisha na kuilisha kama anavyofanya kwa mtoto aliye hai, ili yule aliyeondoka asihisi ametengwa akamwita mwenzake amfuate. Babu yangu alikuwa Mwislamu aliyesoma, na hakutaka sanamu nyumbani. Lakini mwaka 1954 Taiwo aliugua mara kwa mara, bibi akaingiwa na hofu, na suluhisho likapatikana studio. Mpiga picha alimsimamisha mtoto upande mmoja wa pazia akampiga, akamhamishia upande wa pili akampiga tena, kisha katika chumba cha giza akafunika nusu ya karatasi, akasafisha picha ya kwanza, akafunika nusu ya pili, akasafisha nyingine. Mama akarudi nyumbani na watoto wake wawili.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lilikuwa desturi ya studio kadhaa za nchi ile. Mmarekani Stephen Sprague, aliyechunguza kazi za wapiga picha wa mji wa Ila Orangun, kaskazini mashariki mwa Osogbo, aliandika mwaka 1978 jinsi walivyofanya hivyo kwa familia za Kiislamu na Kikristo zilizoacha sanamu, na kwamba ikiwa pacha aliyekufa alikuwa wa jinsia tofauti, aliyebaki alipigwa mara ya pili akiwa amevaa mavazi ya mwenzake. Lakini usiku ule sikuwa nimesoma chochote. Nilichukua lenzi ya kukuzia na tochi ya simu, nikaipitia picha niliyokuwa nimeitundika juu ya meza yangu kwa miaka kumi na minne. Mtoto wa kushoto ana kovu dogo chini ya goti la kushoto. Mtoto wa kulia ana kovu hilo hilo. Shati zote mbili zimekosa kifungo cha tatu kutoka juu. Katikati, kutoka juu hadi chini, unapita mstari mwembamba uliofifia, upana wa uzi, ambapo ua moja la pazia limekatika na halikuungana vizuri na nusu yake. Mimi ninayelipwa kutazama nilikuwa nimeutazama mstari ule kila siku nikidhani ni mkunjo wa karatasi.

Shangazi alisema kwamba bibi aliiweka picha ile juu ya kabati la vyombo, na siku alizozipanga mwenyewe alipika maharage, chakula cha mapacha, kwa mafuta ya mawese, akawaita watoto wa mtaa wakala mbele yake. Aliita tendo hilo saraa. Nilimwomba binamu arudie neno, kwa kuwa nililisikia kama langu: ni sadaka yetu, iliyofika kwao kwa njia ya jangwa kama ilivyofika kwetu kwa njia ya bahari. Siku zilizofuata nilikuwa nikiyaokota maneno ya aina hiyo kwa furaha ambayo siwezi kuieleza, adura kwa dua, wakati kwa saa, na kila nilipookota moja baba alinijia, kwa sababu nilikumbuka jinsi alivyokijua Kiswahili upesi kuliko wageni wenzake na jinsi mama alivyoshangaa.

Neno lililonigusa kuliko yote, hata hivyo, halikutoka Arabuni. Picha kwa Kiyoruba ni aworan, na msomi wa sanaa Babatunde Lawal anaifungua maana yake kuwa kile tunachokitazama ili kitukumbushe. Sisi tunapiga picha, kama tunavyopiga hodi au kupiga simu. Wao hutumia kitenzi cha kuchora. Sitaki kujenga falsafa nzima juu ya kitenzi, lakini ukishakubali kwamba picha ni kitu kinachochorwa kwa nia ili kikumbushe, picha ya mtoto mmoja aliyesimama mara mbili haiwezi kuitwa udanganyifu. Inasema ukweli ambao kamera iliyobonyezwa mara moja isingeuweza: kwamba katika nyumba ile kuna watoto wawili.

Siku ya tatu nilimwomba shangazi nimpige picha. Nilikuwa nimeshachagua mahali, jikoni, karibu na mlango wa nyuma, ambapo mwanga wa harmatani ulikuwa unamwangukia akichagua maharage. Alikataa kwa upole. Aliingia chumbani akakaa humo saa nzima, na alipotoka alikuwa amevaa iro na buba, yaani kitambaa cha kujifunga kiunoni na blauzi yake, za aso oke, kitambaa kizito kinachofumwa kwa vipande vyembamba na kushonwa pamoja, ushanga shingoni, kitambaa kingine begani, na gele, kilemba cha kike, iliyofungwa ikapanda kama tanga la jahazi. Aliagiza kiti kitolewe nje, kiwekwe mbele ya ukuta mtupu. Akakaa. Akapanga miguu sawasawa chini, akaweka mikono juu ya magoti na kutandaza vidole, akaitazama lenzi. Nilipiga moja, nikasubiri alegee. Hakulegea. Nilimwambia binamu amchekeshe kidogo. Shangazi akauliza kwa nini acheke, kwani picha hii itaonwa na nani? Itaonwa na wajukuu wa wajukuu. Basi waone mtu aliyekaa kitini pake.

Nilipoinamia kamera mara ya pili niliona nilichokuwa sikioni. Ule mkao ambao sisi wapiga picha wa siku hizi tunauita pozi gumu ulikuwa usemi mzima: kiti, mikono, kitambaa begani, macho, kila kimoja kinataja jambo kuhusu cheo, umri na nyumba anayotoka. Wakati nikipiga, mwanamke wa jirani alikuwa amesimama kando akimtolea oriki, maneno ya sifa yanayomtaja mtu kwa majina ya ukoo wake, matendo ya waliomtangulia na mji walikotoka. Na nadhani ingekuwa sahihi kusema kwamba walikuwa wanafanya kazi moja, mmoja kwa kinywa na mwingine kwa mwili wake, nami nimekuja kuandika imla. Msimuliaji alikuwa yule aliyekaa kitini. Nimepiga maelfu ya picha za wanawake wa Afrika wakibeba ndoo na wakifuta jasho, wote wakiwa hawajui kuwa nipo, na picha hizo zimesimulia habari ambazo wao hawakuzisema. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Tangu niliporudi nimekuwa nikizitazama upya kazi za watu ambao nilidhani ninawajua. J.D. 'Okhai Ojeikere, ambaye mwenyewe hakuwa Myoruba bali mzaliwa wa eneo ambalo leo ni Jimbo la Edo, alianza mwaka 1968 kupiga picha za mitindo ya nywele za wanawake wa Nigeria, akafikisha karibu picha elfu moja, nyingi zikionyesha kichwa kwa nyuma tu, mbele ya ukuta mweupe au mweusi. Zamani niliziona kama orodha nzuri ya mitindo. Lakini kwa Wayoruba kichwa ni ori, ndicho chenye fungu la mtu, alichokichagua mwenyewe kwa mfinyanzi Ajala kabla ya kuja duniani; na mikono iliyosuka nywele zile kwa saa kadhaa haikuwa inapamba tu.

Rotimi Fani-Kayode ndiye ninayerudi kwake zaidi. Alizaliwa Lagos mwaka 1955 katika familia yenye cheo huko Ife, mji ambao Wayoruba wanauhesabu kuwa chimbuko lao, na mwaka 1966 familia yake ilikimbilia Uingereza baada ya mapinduzi ya kijeshi. Alikuwa mtoto. Alisoma Marekani, akarudi London, na huko, katika miaka isiyozidi sita au saba, alipiga picha za miili ya wanaume weusi ambamo miungu ya Kiyoruba inaingia na kutoka: Sonponnoi, mungu wa ndui, anaonekana kama mwili uliotiwa madoa, umeshika mishumaa inayowaka. Mwaka 1988 alishiriki kuanzisha chama cha wapiga picha weusi, Autograph, akawa mwenyekiti wake wa kwanza, na Desemba 1989 akafariki akiwa na miaka 34. Aliandika waziwazi kwamba alikuwa mtu wa nje kwa njia kadhaa, kwa kuwapenda wanaume na kwa kung'olewa alikozaliwa, na najua wapo wasomaji watakaoona ugumu kumsoma kwa sababu hiyo. Mimi namshukuru. Alikuwa ameondolewa kwenye desturi zile akiwa mdogo mno kuweza kuzikariri, na hakujifanya anazikumbuka zote. Alichukua kilichobaki ndani yake, akakiweka mbele ya kamera, akakitengeneza upya kwa mwanga wa studio. Mtu ambaye kitovu chake kimezikwa Tanga na cha baba yake Osogbo anahitaji mfano wa namna hiyo kuliko anavyohitaji kitabu cha mila.

Sisemi kwamba picha za kuvizia zitupwe. Akinbode Akinbiyi, aliyezaliwa Oxford mwaka 1946 kwa wazazi wa Nigeria na anayeishi Berlin, ametembea mitaa ya Lagos kwa miguu kwa miongo kadhaa akipiga bila kumpanga mtu, na picha zake zina subira na heshima ambayo haiko kwenye studio nyingi. Tofauti, nadhani, ni mwendo. Anatembea kama mtu wa mtaa, si kama mwindaji.

Na hata kwetu pwani mambo haya si mageni. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imejaa picha za watu waliokuja wamevaa kilicho bora wakakaa sawasawa. Nyumbani kwa mama Tanga kuna picha za namna hiyo ukutani. Sikuwahi kuuliza ni nani aliyechagua kanga, au mkono ukae wapi.

Kabla sijaondoka Osogbo shangazi aliniomba picha ya baba ya uzeeni. Nilikuwa nayo moja mkobani, niliyoipiga Tanga mwaka 2006, amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, amevaa kanzu na kofia, kikombe cha kahawa kando ya mguu. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena, kisha akauliza swali ambalo binamu hakuhitaji kunitafsiria, kwa sababu ndani yake nilisikia jina. Na Kehinde?

Niliporudi Dar es Salaam nilifungua faili za siku ile ya mwaka 2006. Kulikuwa na picha nne. Katika ya kwanza baba ananitazama mimi. Katika ya tatu mama amemwita kutoka ndani, naye amegeuza uso kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza. Niliziweka kwenye karatasi moja, ya kwanza kushoto, ya tatu kulia, hivyo kwamba mmoja anaitazama kamera na mwingine anamwelekea mwenzake. Vikombe vya kahawa vikawa viwili. Nguzo ya baraza ilikatika katikati na kompyuta ingeweza kuiunga nisiuone tena mstari, nami niliuacha, upana wa uzi, kutoka juu hadi chini.

Nilisafisha nakala mbili, moja nikaituma kwa mtu aliyekuwa anakwenda Lagos. Wiki tatu baadaye binamu alinitumia picha ya simu: watoto wa mtaa wamekaa mkekani na sahani za maharage, na juu ya kabati picha mbili zimeegemezwa ukutani, ya 1954 na hii mpya. Alinitumia na ya pili, ya upande wa nyuma wa karatasi, ambapo shangazi alikuwa ameandika kwa mkono wake kabla ya kuiweka: Taiwo na Kehinde, Tanga, 2006.